Mkama Ndume wa Pujini na Watu Waliobeba Mawe

Ndugu zangu wahitimu, na nyinyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Kamati ya jarida letu imeniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri wa zamani ambaye habari zake zitawafaa wanafunzi. Wenzangu walionitangulia katika kurasa hizi wamekwisha kuandika juu ya wavumbuzi na viongozi wa nchi za mbali. Mimi nimechagua mtu wa jirani. Kutoka mjini Chake Chake hadi kwenye ngome yake ni mwendo wa kilomita zipatazo 10 tu, ukielekea kusini-mashariki. Mtu huyo ni Muhammad bin Abdulrahman, ambaye Wapemba, mkubwa kwa mdogo, wanamjua kwa jina la Mkama Ndume.

Ninazo sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza inatokana na somo la historia tulilosomeshwa hapa hapa skuli. Ya pili inatokana na jambo lililonifika kazini, ambalo sikupata kulieleza hadharani hadi leo. Naomba mnivumilie, nitalifikia.

Somo la Florence na safari ya Pujini

Mwaka 1996, maalim wetu wa historia alitusomesha habari za mwamko wa Ulaya. Tulikariri kwamba katika mji wa Florence, nchini Italia, fundi Filippo Brunelleschi alianza mwaka 1420 kulijenga kuba la kanisa kuu la mji ule, na kwamba kazi hiyo ilimalizika mwaka 1436. Upana wa kuba lile ni kiasi cha mita 45, nalo lilijengwa bila ya kusimamishiwa jukwaa la miti kutoka chini, jambo ambalo watu wa wakati ule waliliona muhali. Tulisoma pia kwamba matajiri wa ukoo wa Medici, ambao kazi yao ilikuwa benki, walitoa fedha kwa wachoraji, wachongaji na wataalamu, na kwamba huko Ujerumani, mnamo mwaka 1455, Johannes Gutenberg alikuwa amekwisha kupiga chapa kitabu kizima kwa herufi za madini.

Tuliandika yote hayo katika madaftari yetu, na tukayaona kuwa ni mambo ya watu wengine, yasiyokuwa na uhusiano wowote na sisi. Jumamosi iliyofuata maalim alitupakia katika lori akatupeleka Pujini. Tuliposimama mbele ya ule ukuta ulioliwa na mizizi ya miti, alitwambia kwamba ukuta huo ulijengwa katika karne ile ile ya kuba la Florence. Wengi wetu hatukumsadiki. Tulidhani anatutia moyo tu, kama mzazi anavyomsifu mtoto wake mbele ya wageni.

Kumbe maalim alikuwa akisema kweli, kama nilivyokuja kusoma mwenyewe baadaye nilipokuwa Chuo Kikuu.

Pemba ilikuwa nchi ya namna gani

Hapana budi kwanza tuijue nchi aliyoitawala Mkama Ndume, kwani ngome haijengwi na maskini. Mwaka 916 msafiri al-Masudi kutoka Baghdad alifika katika kisiwa alichokiita Qanbalu, akakuta Waislamu wakiishi huko. Wataalamu wengi wanaona kwamba Qanbalu ndiyo Ras Mkumbuu yetu, magharibi ya Chake Chake, mahali ambapo hadi leo yapo magofu ya msikiti mkubwa na makaburi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, pamoja na chache za dhahabu. Sarafu za fedha zilipigwa papa hapa katika pwani yetu, na zimeandikwa majina ya watawala wake, takriban miaka 1,000 iliyopita. Mtu anayepiga sarafu ni mtu mwenye soko, mwenye hesabu na mwenye kuaminika.

Utajiri huo ulikuja kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, vikiwa na nguo, shanga, vyombo vya kaure na vya udongo uliotiwa rangi. Kusi ilivirudisha vikiwa na pembe, dhahabu iliyopitia Kilwa, boriti za mikoko na vyakula. Pemba kwa upande wake ilikuwa na ardhi yenye rutuba na mvua nyingi, ndiyo maana Waarabu wakaiita Kisiwa cha Kijani. Mpunga wa Pemba ulilisha miji mingine ya pwani, na Mombasa hasa ilitegemea chakula cha kwetu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Pemba, Unguja na Mafia waliishi katika neema ya mchele, nyama na matunda ya jamii ya ndimu na machungwa, na kwamba walivaa hariri na pamba nzuri, na wanawake wao walijipamba kwa vito.

Kwa hiyo Pujini haikuota jangwani. Ilitanguliwa na miji kadhaa katika kisiwa hiki hiki, na wakati wake kulikuwa na mji mwingine mkubwa huko Chwaka, kaskazini ya Pemba, wenye misikiti na makaburi ya nguzo.

Mtawala na ngome yake

Mapokeo ya Wapemba yanamtaja Mkama Ndume kuwa ni mkubwa wa Wadiba, watu waliosemekana kuwa asili yao ni ng'ambo ya bahari. Wapo wanaoihusisha Diba na bandari ya Daybul katika nchi ya Sindh. Lakini watu wenyewe waliishi kama Waswahili wenzao, walijenga kama wao, na vyungu walivyopikia ni vile vile vilivyofinyangwa na kinamama wa pwani hii.

Jina lake la sifa linatisha. Kukama ni kukamua maziwa, na ndume ni wanaume. Mkama Ndume basi ni yule anayewakamua wanaume kama ng'ombe, mpaka tone la mwisho. Jina kama hilo mtu hajipi mwenyewe. Hupewa na wale waliokamuliwa.

Ngome yake imezunguka eneo la zaidi ya hekta 1. Kuna ukuta wa mawe, boma la udongo na handaki nje yake, na kwa upande wa mashariki iko mikoko na hori la bahari ambalo vyombo viliweza kulipitia kusogea karibu. Hapa pana jambo la kuzingatia. Miji mingi ya Waswahili ya wakati ule ilikuwa wazi, au ilikuwa na ukuta wa kawaida tu, kwani mji wa biashara hutaka wageni waingie. Ngome ya namna ya Pujini, iliyojengwa kabla ya Wareno kufika, ni nadra sana katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Aliyeijenga alikuwa na mali ya kulinda, au alikuwa na watu wa kuwaogopa. Pengine alikuwa na yote mawili.

Nataka vijana mfahamu kazi iliyokuwemo katika kujenga mahali kama hapo. Mawe ni ya miamba ya pwani, ambayo huchimbwa na kupasuliwa kwa mikono. Chokaa hupatikana kwa kupanga magogo kwa duara, kuweka juu yake matumbawe, na kuyachoma mpaka yageuke majivu meupe, kisha huachwa yapoe na kulowana muda mrefu kabla ya kutumiwa. Kwa kazi ya nakshi, mafundi walikata matumbawe hai kutoka chini ya bahari yakiwa bado laini, wakayachonga mapema, kwani yakikauka huwa magumu. Dari ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, vyumba vya Waswahili vilikuwa vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi kwa upana. Fundi aliyaweka mahesabu hayo yote kichwani. Hiyo ilikuwa elimu kamili ya vipimo, moto, chumvi na miti, na ilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Hadithi za visima na mawe

Wazee wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana hata kidogo. Ili wasikutane kisimani, aliamrisha kisima kitiwe ukuta katikati. Mke mmoja alichota kwa ndoo na kamba kutoka juu, na mwenziwe alishuka kwa ngazi za mawe hadi kwenye maji. Walikunywa maji ya chemchemi moja bila ya kuonana nyuso. Kisima chenyewe na ngazi zake tulionyeshwa siku ile ya safari yetu, na wasichana wa darasa letu walicheka sana, wakasema afadhali angelioa mmoja.

Ndani ya ngome kuna pia chumba cha chini ya ardhi, ambacho hufikiwa kwa ngazi, na katika lipu ya ukuta wake imechorwa kwa kuinuliwa sura ya siwa. Siwa, kama mjuavyo, ni baragumu la enzi. Katika miji ya Waswahili lilipigwa katika arusi, katika khitima na katika kutawazwa kwa wakubwa, na asiyekuwa na siwa hakuhesabiwa kuwa mtawala. Kuiweka alama hiyo chini ya ardhi, mahali pa siri, kunaonyesha kwamba Mkama Ndume alitaka utawala wake uwe na mizizi hata katika ulimwengu usioonekana. Mpaka zama zetu wapo watu waliokwenda mahali pale kuomba shida zao na kuacha ubani na marashi.

Hadithi inayokumbukwa zaidi ya zote ni ile ya mawe. Inasimuliwa kwamba Mkama Ndume aliwalazimisha raia zake wabebe mawe ya ngome vichwani huku wakisota kwa makalio, bila ya ruhusa ya kusimama wima. Hadithi hiyo imepokewa kinywa kwa kinywa kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1920 ilitiwa katika kitabu juu ya Zanzibar na Major Pearce, Mwingereza aliyekuwa Balozi Mkaazi Unguja, na kabla na baada ya hapo ilikaa vinywani mwa wazee wetu bila ya kuhitaji kitabu.

Udongo nao una ushahidi wake. Katika miaka ya 1990 Profesa Adria LaViolette kutoka Marekani alichimba Pujini kwa utaratibu wa kitaalamu, na kazi yake ndiyo iliyothibitisha kwamba ngome ni ya karne ya 15 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Hayo hujulikana kwa vigae. Kigae cha chombo cha kigeni ambacho wakati wa kutengenezwa kwake unajulikana, kikikutwa chini ya sakafu, hutoa ushahidi kwamba sakafu ile haikuwekwa kabla ya wakati huo. Lakini kigae kikishaondolewa mahali pake, ushahidi wake umekufa. Nalisema hili kwa aibu, kwani siku ile ya safari nilitia mfukoni kigae kimoja cha rangi ya kijani, nikakiweka katika kopo nyumbani miaka mingi. Nilikuja kukirudisha nikiwa mtu mzima. Kilipokelewa kwa adabu, lakini hapana aliyeweza kuniuliza kilitoka tabaka gani, kwa sababu nisingelijua la kujibu. Vijana, mkienda Pujini, tazameni kwa macho.

Mambo yasiyosemwa darasani

Sasa narudi katika somo la maalim. Baada ya kujua kwamba sisi nasi tulikuwa na mawe yetu, mimi nilijaa fahari. Kila nilipokutana na mgeni nilimweleza Pujini na Florence kwa pumzi moja. Lakini kadiri nilivyosoma zaidi ndivyo nilivyoona kwamba fahari hiyo ina upande wa pili, na upande huo uko kote kuwili.

Florence ilitajirika kwa benki na kwa nguo za sufu. Sufu hiyo ilichambuliwa na kuoshwa na vibarua ambao hawakuruhusiwa kuwa na chama wala sauti katika serikali ya mji. Mwaka 1378 vibarua hao, walioitwa Ciompi, waliasi wakashika mji kwa muda mfupi, kisha wakashindwa. Watu wa aina yao waliendelea kuchambua sufu, na kizazi kilichofuata ndicho kilichoanza kujenga kuba.

Iko tofauti moja tu ninayoiona. Huko Florence jina la fundi limebaki. Kila mtoto wa skuli anamjua Brunelleschi. Kwetu Pujini limebaki jina la mtawala, na fundi aliyeupima ule mgawanyo wa kisima, aliyechonga ile siwa, hatajwi. Waliobeba mawe nao majina yao hayakubaki. Ila wao walifanya jambo moja ambalo watu wa Florence hawakulifanya: waliliweka teso lao ndani ya jina la mtesaji. Kila anayelitaja jina la Mkama Ndume anawataja na wao bila ya kukusudia.

Jambo lililonifika

Hapo ndipo ninapofikia sababu yangu ya pili.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kusimamia maandalizi ya ufunguzi wa jengo la umma, na pamoja na mambo mengine niliandika maneno ya kuchongwa katika jiwe la ufunguzi. Niliandika kwa uangalifu: cheo cha mgeni rasmi, jina lake, tarehe ya Kiislamu na ya kizungu. Niliyasoma mara tatu nisije nikakosea cheo.

Siku moja kabla ya sherehe, fundi mkuu wa waashi, mzee wa miaka zaidi ya 60, alikuja kulitazama jiwe likiwekwa ukutani. Alilisoma taratibu kwa kidole. Kisha akaniita mwanangu, akaniuliza kwa upole kabisa kama jiwe lile lilikuwa na nafasi chini, hata ndogo, ya kuandikwa majina ya vijana wake wawili. Hakuomba jina lake. Vijana hao walikuwa wamekesha wakimimina zege la dari usiku wa mvua, na mmoja wao alianguka akavunjika mkono.

Nilimjibu kwamba utaratibu hauruhusu. Si kweli kwamba nilikuwa nimeuliza. Sikumuuliza mtu. Niliogopa kwenda kwa wakubwa na ombi la aina hiyo siku ya mwisho, nikaliita woga wangu kwa jina la utaratibu. Mzee alisema inshallah kheri, akanishukuru, akaondoka. Kesho yake tulipiga makofi, kitambaa kikavutwa, picha zikapigwa.

Mzee huyo amekwisha kufariki. Nilipata habari baada ya maziko kupita. Siku hiyo, jioni, nilichukua gari peke yangu nikenda Pujini, nikasimama pale pale maalim aliposimama na sisi. Nilikuwa nikimhesabu Mkama Ndume kuwa ni dhalimu wa hadithi, mtu wa zamani asiyenihusu. Jioni ile nilimwona kuwa ni mtu wa ofisini kama mimi. Sikumsotesha mtu na jiwe kichwani, la hasha. Lakini nililifanya lile ambalo wakati unalifanya kwa kila mjenzi: nilimwandika aliyevuta kitambaa, nikawafuta waliobeba. Nami nililifanya kwa kalamu, bila ya kuusubiri wakati.

Ombi langu

Mkama Ndume alikuwa mtu mkubwa, na sitaki kijana yeyote amalize makala haya akidhani kwamba nimemtoa katika historia. Aliona mbali. Aliijua thamani ya ufundi, akajenga kitu ambacho wenzake wengi hawakukijenga, na mapokeo yanasema kizazi chake kiliendelea kutawala, kwani magofu ya Chwaka bado yanaitwa kwa jina la Haruni, anayehesabiwa kuwa ni wa ukoo wake. Wareno walipozishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, dunia iliyoilea Pujini ilianza kuvunjika, lakini ukuta umebaki. Msomeni. Jivunieni. Kisha ulizeni mawe yalifikaje pale.

Ndugu wahitimu, katika mkutano wetu wa mwaka huu tutakaa katika ukumbi ambao ndani yake tulifanya mitihani. Wengi wetu tunamkumbuka nani aliufungua, kwa kuwa jiwe liko mlangoni. Naiomba kamati inunue daftari moja nene, jalada gumu, na iliweke mezani siku hiyo. Kila anayemkumbuka fundi aliyejenga darasa, seremala aliyeunda madawati, mpishi wa dakhalia, mlinzi, au mzee wa kijijini aliyeleta mchanga kwa gari la ng'ombe wakati wa kujitolea, aandike jina lake na kazi aliyoifanya. Wanafunzi mliopo mnaweza kwenda kuwauliza wazee kabla hawajaondoka. Kazi hiyo ni ya historia sawa na ya kuchimba Pujini, na haihitaji jembe.

Majina mawili ya mwanzo nitayaandika mimi. Hawakujenga skuli hii, lakini naomba kamati iniruhusu. Ni majina ya wale vijana wawili wa zege. Nimeyatafuta na nimeyapata. Mmoja bado ni mwashi, na mkono wake, alinionyesha mwenyewe, haukunyooka sawasawa.